Nyuzi za Gita la Theuri

Haya yalimpata Wahome, ndugu mdogo wa baba yangu. Mengi niliyapata kwa mkewe Wacera, ambaye mimi humwita mama mdogo. Hapendi kuyasimulia akiwa ameketi. Husimama, akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono, mboga za kukata au vyombo vya kuosha, ndipo aanze.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mwaka wa 1976. Wahome aliamka nyumbani kwake Kamakwa, akakamua ng'ombe, akaenda kanisani na mkewe na binti yao Kagure, kisha akabeba gita akashuka mjini Nyeri. Siku hizo bugi, yaani dansi ya bendi, ilianza saa nane mchana ili watu wa mbali wapate kurudi makwao kukiwa na mwanga. Ukumbi ulijaa kama kawaida, wanaume na suruali zao pana, wasichana na viatu vya kisigino kirefu. Wahome alipiga besi, gita la sauti nzito. Kiongozi wa bendi yao, Simeon, alipiga solo.

Sasa, uzi wa besi si kama uzi wa solo. Simeon alikata uzi karibu kila wiki mbili, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa nyembamba kama za kushonea magunia. Nyuzi za besi ni nne tu, chuma kilichozungushiwa chuma, na ule mkubwa ni mnene kama spoki ya baiskeli. Mpigaji hukaa nazo miaka. Zikichoka kulia, huzichemsha kwa sufuria, uchafu ukatoka, akazirudisha. Wahome alikuwa kwenye bendi tangu mwaka wa sabini na alikuwa hajawahi kuona hata mmoja ukikatika.

Saa tisa na kitu, katikati ya wimbo, ule mnene ulikatika. Ulilia kama mlango wa bati uliopigwa teke. Watu wakacheka. Wahome naye alicheka, akainama kuutazama.

Haukuwa umekatika. Ulikuwa umetafunwa.

Ncha zake mbili zilikuwa bapa, zimepasuka nyuzinyuzi kama kipande cha muwa kilichotoka mdomoni. Na zilikuwa na maji.

Gita lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Theuri, kijana wa Tetu aliyepiga besi kabla yake. Mama yake, Wakonyo, aliuza ndama ili mwanawe alinunue. Pasaka ya mwaka huo bendi ilikuwa Nanyuki, na Theuri alipokuwa akifunga uzi kwenye kichwa cha gita, ncha yenye kutu ilimchoma kidole gumba. Kidonda kidogo tu. Alikinyonya, akaendelea.

Baada ya siku tisa walikuwa na bugi huko Kiriaini. Asubuhi hiyo Theuri alifika na taya zimekaza. Maneno aliyatoa kupitia meno. Wenzake walidhani ni pombe ya jana. Simeon aliketi mbele na dereva wa pikapu, wengine wakaketi nyuma na vyombo, na Wahome ndiye aliyekuwa kando ya Theuri, karibu na kidirisha. Walipokaribia hospitali kubwa, Theuri alimvuta Wahome shati akamnong'oneza kitu. Simeon akageuka, akauliza kupitia kidirisha huyo anasemaje. Wahome akajibu kwamba anasema yuko sawa, atacheza.

Gari halikusimama.

Theuri alicheza Kiriaini nyimbo kumi na mbili, jasho likimtiririka, bila kufumbua mdomo hata mara moja. Njiani kurudi mgongo wake ulijikunja kinyume kama upinde, visigino na kisogo tu vikigusa gari. Siku ya tatu alikufa. Daktari alisema ni pepopunda, na kwamba kama angeletwa mapema, labda.

Siku ya mazishi Wakonyo aliwazuia watu wa bendi wasitupe udongo kaburini. Alimwita Wahome kando. Alimuuliza kama ni yeye aliyeketi na mwanawe, na kama mwanawe alisema neno. Wahome alijibu kwamba hakusema kitu. Mama mdogo alikuwa hapo, na anakumbuka kwamba Wakonyo hakumtazama Wahome machoni. Alimtazama mdomo.

Baadaye Wakonyo alienda ukumbini kuchukua gita la mwanawe. Simeon alisema ni mali ya bendi, akamwambia bawabu amtoe nje. Yule mama alitolewa akishikwa mkono, watu wakitazama. Wiki iliyofuata Wahome, ambaye mpaka hapo alikuwa anaimba na kusaidia gita la pili, alikabidhiwa besi.

Baada ya ule uzi wa kwanza alinunua seti mpya. Wiki mbili baadaye walikuwa Karatina, na uzi mnene ukaenda tena. Mara hii hakuna aliyecheka. Jioni hiyo Wahome alikataa chakula. Wacera alimwekea githeri, mahindi na maharagwe, akaona kijiko kinafika mdomoni na mdomo haufunguki. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha taya zikalegea, akala kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi.

Septemba zilikatika mbili. Oktoba tatu. Simeon alianza kumwambia mbele ya watu kwamba anaziharibu makusudi ili bendi ivunjike. Hawakusalimiana tena. Walipiga muziki mmoja wakiwa wamegeuziana migongo.

Nyuzi hizo Wahome alizinunua Nanyuki, katika duka la Ahmednoor, mfanyabiashara aliyeuza redio, betri na vitu vya muziki. Mwanzoni mwa Novemba Ahmednoor alimwekea boksi kwenye kaunta na kulizuia kwa kiganja.

"Bwana, mimi kwa mwaka nauza seti mbili za besi," alisema. "Wewe umechukua sita tangu Agosti. Mnazila?"

Wahome alimwonyesha uzi uliokatika. Ahmednoor aliupeleka mlangoni penye mwanga. Aliugeuza mara moja. Kisha akaurudisha ameushika kwa ncha za vidole, akalichukua lile boksi, akalirudisha juu ya rafu. Alimwambia aende. Hakutaka hata kumwambia kwa nini. Alipanguza kaunta kwa kitambaa mahali Wahome alipokuwa ameegemea.

Wahome alirudi nyumbani na gita lenye nyuzi zilizobaki, na mbili za zamani alizokuwa amezihifadhi.

Siku mbili baadaye, kama saa sita mchana, Wacera alirudi kutoka kupeleka maziwa. Jua lilikuwa limewaka vizuri. Kuku walikuwa uani. Alipofika mlangoni alisikia sauti ndani. Alidhani ni panya kwenye gunia la mahindi. Akasikiliza. Ilikuwa sauti ya meno kwenye chuma.

Mlango ulikuwa na ufa. Akachungulia.

Mumewe alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo. Shati lake lile la kijani. Gita lilikuwa mapajani. Kichwa kilikuwa kimeinama chini kabisa, mpaka usoni mwa gita. Mabega yalikuwa yanatikisika polepole. Alikuwa anatafuna.

"Baba Kagure," akaita kwa sauti ndogo.

"Niko hapa," akajibiwa.

Sauti ilitoka nyuma yake. Wahome alikuwa anaingia uani kutoka shambani, jembe begani, amevaa koti kuukuu. Shati la kijani lilikuwa linaning'inia kwenye kamba ya nguo, limelowa, alilolifua Wacera mwenyewe asubuhi.

Sauti ndani ilinyamaza.

Wahome alisukuma mlango. Kitandani hakukuwa na mtu. Gita lilikuwa limelala juu ya blanketi, na uzi mmoja ulikuwa umepungua unene katikati, unang'aa kwa mate. Blanketi lilikuwa limebonyea. Wacera aliligusa. Lilikuwa na joto.

Hapo ndipo alipomuuliza mumewe, kwa mara ya kwanza, alichofanya. Wahome alifunga gita kwenye gunia na kuanza kutembea kuelekea Tetu, na Wacera akamfuata, mtoto mgongoni.

Walimkuta Wakonyo akikata nyasi za ng'ombe. Hakuwakaribisha. Aliingia ndani, wakamfuata, na hakuwaonyesha kiti. Wahome aliweka gita mezani, akalitoa kwenye gunia. Nyuzi zote nne zilikuwa zimefungwa, hata ule uliotafunwa nusu.

"Nimerudisha, Mama," alisema. "Uniondolee hii kitu."

"Ati niondoe nini? Mimi sijui kuroga," Wakonyo akasema. "Mimi ni mtu wa kanisa. Tangu tumzike nimeomba kitu moja tu, nijue mtoto wangu alisema nini kwa hiyo gari."

"Hakusema kitu."

Uzi mnene ulikatika. Hakuna aliyeugusa. Ulichapa meza, ukaacha alama kwenye mbao. Mtoto akaanza kulia, Wacera akamziba uso kwa shuka.

Wakonyo hakuruka. Alisogeza kiti, akaketi mbele ya gita kama mtu anayesubiri chai.

"Sema tena."

Wahome alisema Theuri alitaka kucheza. Alisema Theuri ndiye aliyekataa hospitali, kwamba alimsihi na akakataa.

Uzi wa pili. Huo ulimpiga Wahome shavuni, damu ikatoka.

Zilibaki mbili. Wacera anasema aliziona zikijikaza zenyewe. Alisikia vichwa vya chuma vinavyozifunga vikilia, kidogo, kidogo. Alimtazama mumewe. Mdomo wake ulikuwa umefungwa na misuli ya taya imesimama kama mawe. Alijaribu kuufungua kwa vidole. Haukufunguka. Shingo yake ikaanza kurudi nyuma. Kisogo kikatafuta mgongo.

Wakonyo hakuinuka. Alitazama tu, kama watu walivyomtazama yeye siku ile ukumbini.

Wacera ndiye aliyempigia magoti mumewe. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamnong'oneza sikioni aseme, chochote kilicho cha kweli, aseme hata kwa meno.

Na Wahome akasema kwa meno.

"Alisema nishukisheni hapa."

Hakuna uzi uliokatika.

"Alisema nishukisheni hapa, nakufa. Mimi nikasema atacheza. Siku hiyo nilikuwa naimba wimbo wangu mara ya kwanza. Tungesimama hospitali, bugi haingekuweko."

Taya zililegea. Alianguka sakafuni, akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi kabisa.

Wacera alidhani yule mama atalia pia, au atasali. Hakufanya hivyo. Alisubiri mpaka Wahome akanyamaza. Kisha akafungua mlango.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nataka itoke kwako. Gita ibaki. Wewe usiwahi kupita kwa njia yangu, na ukiniona sokoni, zunguka."

Walitoka. Walikuwa wamefika kwenye lango Wacera aliposikia, nyuma yao, noti moja nzito ikipigwa. Kisha nyingine. Wakonyo alikuwa amesimama uani, mikono mitupu, akiwatazama wanavyoondoka.

Simeon alikuja Kamakwa wiki hiyo na watu wawili kudai gita. Wahome alimwambia liliko, na kwamba aende kulichukua mwenyewe. Simeon alimtukana, akamsukuma ukutani, akamwita mwizi mbele ya mkewe. Lakini Tetu hakwenda. Wahome hakurudi kwenye bendi wala hakugusa gita lingine. Alipata kazi ya kupima kahawa kiwandani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipoombwa kupeleka ujumbe kwa mtu, hata wa kitu kidogo, alikataa. Alisema mwende mkajisemee.

Bendi iliendelea bila mpigaji besi. Siku ya Jamhuri mwaka huo walicheza Nanyuki mchana, gita mbili na ngoma tu. Ahmednoor alikuwa amepokea mashine mpya za kaseti na alitaka kujaribu moja, kwa hiyo aliiweka juu ya kiti karibu na jukwaa, akarekodi upande mmoja.

Mwezi wa Januari alisafiri mwenyewe hadi Kamakwa. Hakutaka chai. Alimkabidhi Wahome kaseti hiyo ikiwa imefungwa kwa gazeti na kumwambia kwamba hawezi kukaa nayo dukani. Alimuuliza kama siku hiyo alikuwa Nanyuki. Wahome alimwambia siku hiyo alikuwa kwenye mizani ya kahawa, na wakulima mia moja walimwona.

Kaseti iko kwangu sasa. Mama mdogo alinipa baada ya kumzika Wahome, kwa masharti kwamba nisiicheze akiwa karibu. Besi inasikika wimbo baada ya wimbo, wazi, chini ya gita za wenzake. Nilimtafuta Ahmednoor, mzee sasa, nikamuuliza. Aliniapia kwamba watu jukwaani walikuwa watatu, na kwamba upande wa pili wa kaseti hakurekodi kitu chochote.

Upande wa pili nimeusikiliza mara moja, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi. Hakuna solo, hakuna ngoma, hakuna watu wanaopiga makofi. Ni besi tu, tangu mwanzo mpaka utepe unapoisha.