Chapa Upande wa Ndani

Jumatatu tarehe 9 Septemba 1996, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Pijo 504 nyeupe, ile ndefu ya kubebea familia, ilipinduka kilomita arobaini kutoka Garissa katika barabara ya Dadaab. Ilikuwa ya nne kwenye msafara uliosindikizwa na askari. Magari matatu ya mbele hayakusimama. Kila dereva alisikia mlio, akadhani ni risasi ya majambazi, akakanyaga mafuta. Lori la askari lililofunga msafara ndilo lililosimama, na askari wakalala kifudifudi mchangani dakika kumi nzima, bunduki zikilenga vichaka visivyokuwa na mtu. Ndani ya gari, Mwalimu Bare alikuwa amekwisha kufa. Binti yake Idman, mtoto wa miaka saba, alikufa katika hizo dakika kumi.

Inspekta Kerrow wa upelelezi alifika saa tano na dakika arobaini. Kabla ya kuingia polisi alikuwa ameendesha lori miaka sita, Mandera hadi Lafey, na barabara ile humfundisha mtu tairi kuliko shule yoyote. Alilizunguka gari mara mbili. Hakuona tundu la risasi hata moja. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limechanika kutoka ukingo hadi ukingo.

Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi. Kingo zake zilikuwa kali kama mkate uliokatwa kwa kisu, na chini kabisa ya mfereji nyuzi zilionekana. Alipofuta vumbi, kidole kikatoka cheusi. Ilikuwa rangi. Akayaangalia matatu yaliyobaki, nayo yalikuwa hivyo hivyo.

"Haya yamechongwa," alimwambia sajenti. "Mtu amechukua tairi lililokwisha, akalichimba mifereji upya kwa kisu cha moto, akalipaka rangi. Kwa mwendo wa msafara lilikuwa kaburi."

"Mwalimu alinunua matairi mapya Alhamisi, afande. Mji mzima unajua. Kwa Nuh."

Huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe, kwamba mji mzima ulijua. Maiti walizikwa alasiri ile ile, na kabla watu hawajafuta mchanga mikononi, vijana wa ukoo wa Bare wakaenda sokoni wakalitia moto duka la Nuh. Matairi yakawaka mpaka jioni. Nuh mwenyewe alikimbilia kituo cha polisi kwa miguu yake, akaomba afungiwe. Wazee wa koo mbili walipatana kukutana Jumatano baada ya sala ya alasiri. Kama ingethibitika kwamba Nuh aliuza matairi ya kuchonga kwa jina la mapya, basi ameua. Vijana hawakuficha: wazee wakishaamua hivyo, Nuh hatafika Alhamisi.

Kerrow alimhoji saa moja jioni, kwa Kiswahili, lugha ambayo maelezo yangeandikwa kwayo, ili baadaye asije mtu akadai tafsiri ilimponza. Nuh alikuwa mnene, mwenye miaka hamsini.

"Wallahi afande, mimi nilimfungia mpya. Nne. Zimetoka kwa karatasi."

"Alizichaguaje?"

"Alikuja asubuhi tatu! Mtu kama yule mimi sijaona. Siku ya kwanza nilimwonyesha zile mwili ya zamani, mpira mpya juu. Akasema, Nuh, jua ya hapa itabandua hiyo. Nikamwonyesha ya mbavu nyembamba. Akabonyeza na kidole gumba, akasema hii ni ya lami ya Nairobi, mwiba yetu itaingia. Siku ya tatu akaja na bibi yake. Wakachukua ya waya, mbavu nene. Nikamwambia mwalimu, hii ni nzito, gari haitakimbia. Akasema mimi sina haraka, mimi nabeba mtoto."

Nuh akalia waziwazi, mtu mzima yule, na Kerrow hakumkataza.

"Tairi zilizo kwenye gari zina jina la kampuni unayouza wewe."

"Nauzia mji yote hiyo, afande. Miaka nane."

"Kuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba zile zako ni zako?"

"Yangu hapana. Yake labda. Aliniuliza, Nuh, nikigusa na chuma ya moto kidogo, upande ya ndani, itaharibika? Nikamwambia usichome tairi, wewe ni mwalimu ama ni mwendawazimu? Akacheka tu."

Jumanne saa tatu asubuhi Kerrow alikwenda kwa mjane. Muslimo alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda, ameketi ndani ya mlango, pazia likiwa nusu. Hangetoka nyumba ile miezi minne na siku kumi. Kerrow aliketi uani juu ya mkeka, akamkalia upande.

"Pole sana, abaayo, dada yangu. Nina maswali machache, kisha nitakuacha."

"Uliza, walaal, ndugu yangu. Kuuliza hakuniumizi zaidi."

"Mwalimu aliyatia matairi alama?"

"Chapa ya ngamia. Mstari mmoja na nusu mwezi chini yake. Ya baba yao, yeye na kaka yake. Ngamia walikufa wote ule ukame wa tisini na mbili, lakini yeye alisema mali ya nyumba hii lazima ijulikane. Alhamisi baada ya alasiri aliegemeza matairi hapo ukutani akayachapa upande wa ndani, mwizi asione. Akagusa tu, polepole."

"Yote manne sawasawa?"

"Matatu. La nne Idman alitaka kushika chuma pamoja na baba yake. Kikateleza. Nusu mwezi zikatoka mbili, moja juu ya nyingine. Mtoto akalia kwamba ameharibu. Baba yake akamwambia, acha kulia, hili ndilo tairi la Idman."

Kerrow aliandika maneno hayo yote. Jana, pale barabarani, alikuwa ameyakagua matairi manne upande wa ndani. Hayakuwa na chapa yoyote. Basi Nuh alisema kweli, na kati ya Alhamisi na Jumatatu mtu alikuwa ameyabadilisha.

"Chuma cha kuchapia kiko wapi?"

"Kimerudi kwa mwenyewe. Mtoto wa kwanza ndiye anayekiweka. Kiko kwa adeer Mustafe, baba mkubwa wa Idman."

"Na gari, limewahi kulala nje?"

"Halijawahi. Ila Jumamosi Mustafe alilichukua kumleta mama yao kutoka Modogashe, gari lake lilikuwa bovu. Akalirudisha Jumapili baada ya alasiri. Lilikuwa vumbi tupu." Akavuta pazia kidogo. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kazi yangu ni kuuliza."

Mustafe alipatikana kwenye hema la matanga, katikati ya wanaume, akipokea pole. Alikuwa mrefu, ndevu zimepakwa hina, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa nguvu kuliko wote kwamba Nuh atolewe kituoni. Gari lake la abiria, lililokwenda Liboi mara tatu kwa wiki, lilikuwa limeegeshwa kando ya hema. Nalo lilikuwa Pijo 504. Kerrow hakuliinamia. Alinawa mikono, akanywa chai, akasema maneno mawili ya rambirambi, akaondoka. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuona mbavu nene za matairi yale.

Usiulize kwa nini hakumkamata pale pale. Mfiwa ungemshika mbele ya hema la ndugu yake bila ushahidi, Garissa ingewaka yote badala ya duka moja.

Jumatano saa kumi na robo, wazee wawili, mmoja wa kila ukoo, walikuwa wameketi katika ua wa Muslimo. Kerrow ndiye aliyewaomba wakutane hapo, kwa kuwa shahidi wake hangeweza kutoka nje. Nuh aliletwa, pingu mikononi, askari wanne wakimzunguka. Mustafe aliitwa aje na gari lake, akaja bila wasiwasi, akaliingiza hadi uani.

"Matairi haya umeyatoa wapi?" Kerrow aliuliza.

"Nairobi. Mwezi wa saba."

"Fundi, toa magurudumu yote. Yalaze upande wa ndani uangalie juu."

Mustafe alicheka. "Unatafuta chapa, afande? Usijisumbue, mimi nitakwambia mwenyewe. Iko. Ni chapa ya baba yangu. Chuma kiko nyumbani kwangu. Bare aliiga kwangu. Au siku hizi mtu akichapa mali yake ni mwizi?"

Mzee wa ukoo wake alitikisa kichwa kukubali. Kerrow alikuwa amelitarajia jibu hilo. Mwizi mwingine yeyote angeikwangua alama ile kwa kisu, kazi ya dakika mbili. Lakini mtoto wa wafugaji hakwangui chapa ya baba yake, na hakuwa na haja. Chapa ilikuwa yake pia. Alidhani hiyo ndiyo ngao yake.

Gurudumu la kwanza likalazwa: mstari na nusu mwezi. La pili, vivyo hivyo. La tatu fundi alilifuta kwa kitambaa, akasimama, akamtazama Kerrow.

"Hii imekuwa mbili, afande."

"Lisogeze mlangoni."

Fundi alilivuta hadi kizingitini. Mkono ulitoka chini ya pazia, mkono mwembamba uliofunikwa nguo nyeupe, ukapapasa mpira mpaka ukaifikia alama.

"Hili ni la Idman," Muslimo alisema.

"Huyu ni mama mwenye msiba," Mustafe akasema haraka. "Hajui anachosema."

"Jana Jumanne saa tatu aliniambia kuhusu alama hii," Kerrow alisema, "na nikaiandika, akaweka kidole gumba. Hapo gari lako alikuwa hajaliona, na bado hajaliona." Akafungua daftari, akawasomea wazee. "Matairi yaliyomuua Bare ni yako ya zamani. Ulinunua kwa Nuh kama mji wote, ndiyo maana jina lilifanana. Uliyachonga, ukayapaka rangi, ukamrudishia ndugu yako gari likiwa na vumbi hadi juu, asitazame."

Mustafe alitazama ardhi. Aliposema tena, ile sauti ya hemani ilikuwa imekwisha.

"Mimi ndiye mkubwa. Ngamia wa baba walikufa mikononi mwangu, wote, na yeye alikuwa chuoni anakula kwa serikali. Kitu chenye chapa ile si cha mtu mmoja. Yeye anaendesha nyumbani na shuleni, kilomita mbili! Mimi ndiye ninayekwenda Liboi. Nilisema atamaliza mwaka na yale, hatajua."

"Ulijua," sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Jumapili nilikumiminia chai mimi mwenyewe. Nikakwambia kesho wanakwenda kambi ya Ifo na msafara, Idman anamfuata habaryar, mama yake mdogo. Idman ndiye aliyekuletea sukari. Unajua msafara unavyokimbia, adeer. Ulikunywa chai yote."

Mustafe alirudi nyuma hatua moja, mbali na pazia.

"Nilidhani yatafika," alisema.

Mzee wa ukoo wake alijifunika uso kwa kitambaa cha bega. Kerrow aliifungua pingu ya Nuh kwa mkono wake na pingu ile ile akamfunga Mustafe. Nuh alisimama palepale akisugua vifundo vya mikono, hajui aende wapi, maana duka lilikuwa majivu.

Askari walipakia magurudumu matatu kwenye Land Rover. La Idman lilibaki kizingitini, na mkono ulikuwa bado juu yake.

"Abaayo, nalo lazima liende," Kerrow alisema. "Bila hilo hakuna kesi."

"Najua. Niachie mpaka magharibi."

Sheria haikumruhusu kuacha kielelezo hata dakika moja. Aliwaambia askari watangulie na mshtakiwa, akaketi kwenye mkeka uani, mgongo kwa mlango, akangoja. Nyuma yake alimsikia Muslimo akilifuta tairi vumbi kwa maji, taratibu, na akimwambia Idman kwa Kisomali kwamba hakuharibu kitu.