Kiwiko cha Makoye

Enyi mnaokaa upande huu wa Geita, wenye mashamba ya pamba na ninyi mliokuja kufuata dhahabu, tulieni mnisikilize. Jambo hili halikutokea mbali. Lilitokea kati ya watu waliokuwa wakiombana chumvi.

Miaka ile ya hamsini, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na mvua bado hazijaanza, Makoye alikuwa juu ya nyumba ya shangazi yake Mbuke, akiezeka. Mbuke alikuwa mjane. Watoto wake wote walikufa wadogo, na ndiye aliyemlea Makoye. Siku ilikuwa njema. Melania, mke wa Makoye, alifunga matita ya nyasi na kumrushia mumewe, na shangazi alisonga ugali huku akiimba kwa sauti ndogo.

"Baba," Mbuke aliita, "usikanyage upande wa jikoni. Fito za pale zimeliwa na mchwa."

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia, lakini hakuzingatia. Haukupita muda akakanyaga palepale. Fito zikakatika, akaporomoka hadi chini, akitanguliza kiganja cha kulia kujikinga.

Damu haikutoka. Mfupa haukuchomoza. Kiwiko kilivimba tu, na uvimbe ulipopungua ikaonekana ajabu: mkono ulinyooka, lakini ulikataa kukunjika. Kila alipopeleka tonge mdomoni, ulikwama njiani kana kwamba kuna kitu kimeuzuia kwa ndani. Kula kwa mkono wa kushoto ni mwiko, ikabidi mkewe amlishe.

Mganga wa viungo alimkanda, akashindwa. "Mfupa uliovunjika naujua," alisema. "Huu haujavunjika. Huu umefungwa."

Neno hilo halikulala. Masele, kaka yake Makoye, akamchukua mdogo wake hadi kwa mfumu, yule mwaguzi anayesoma mambo ndani ya kuku aliyepasuliwa. Mfumu alichunguza matumbo ya kuku, akauliza, "Ulianguka kutoka nyumba ya nani?"

"Ya shangazi yetu," Masele alijibu.

"Ana watoto?"

"Walikufa wote."

Mfumu akafunika kuku wake. Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji kulitaja.

Hapo, ndugu zangu, tazameni vizuri. Makoye alikuwa amekaa palepale. Alijua habari za mchwa. Alijua kwamba alionywa. Neno lake moja lingetosha. Lakini alichoshwa na maumivu, alichoshwa na aibu ya mwanamume mzima kulishwa, na moyoni aliona nafuu kupata mtu wa kulaumiwa. Akatazama chini.

Tangu hapo salamu za Mbuke hazikuitikiwa. Kisimani wanawake walimpisha bila neno. Melania alikatazwa kumpelekea maziwa. Hata hivyo mama yule alikuja na samli yake ili amkande Makoye, Masele akamzuia uani.

"Umekuja kukaza fundo?"

"Fundo gani, Masele?"

"Mwenyewe unalijua."

Mbuke akamgeukia Makoye aliyekaa mlangoni. "Baba, waambie ulivyoanguka."

Makoye alikishika kiwiko chake. "Mkono unaniuma, shangazi," akasema. Basi.

Kesho yake asubuhi ukapigwa mwano, ule ukelele wa kuitana penye hatari. Vijana wakaja na fimbo na vijinga vya moto. Nyasi mpya juu ya nyumba ya Mbuke zikashika upesi. Mbuke alirudi ndani kuokoa blanketi na mbegu zake, akatoka mikono imeungua, akakimbilia mashambani. Hakuna aliyemfuata hata kwa kibuyu cha maji. Melania alilia nyuma ya nyumba yake, ili asionekane akilia.

Nyumba ikawa majivu, na kiwiko hakikukunjika.

Marselino, kaka yake Melania, alikuwa fundi seremala katika mgodi wa Geita. Alipokuja kuwajulia hali na kusikia yaliyotendeka, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mtu anaumwa mkono, ninyi mnatibu nyumba?"

Akamchukua shemeji yake, wakavuka ziwa hadi hospitali kubwa ya Mwanza. Huko Makoye alipigwa picha ya mfupa, na daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona hiki? Ni kipande kilichomeguka ndani ya kiwiko ulipoangukia mkono. Kimepanda mbele ya kiungo, ndiyo maana mkono haukunjiki. Mvunjiko wa namna hii ni wa nadra, na kwa nje hauonekani."

"Kwa hiyo hakuna aliyenifunga?"

"Umefungwa na mfupa wako mwenyewe. Ungekuja mapema ningekirudisha mahali pake. Sasa umechelewa, nitakitoa."

Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakapasua, wakakitoa. Baada ya mazoezi mengi ya maumivu, mkono ulifika mdomoni. Kunyooka sawasawa haukunyooka tena.

Makoye akaenda kumtafuta shangazi, akamkuta kwa mtoto wa dada yake, upande wa Kahama. Vidole vya Mbuke vilikuwa vimeshikana kwa makovu ya moto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kunja mkono nione."

Akaukunja. Mbuke akatikisa kichwa taratibu. "Nashukuru umepona."

"Ulikuwa mfupa tu, shangazi. Kila mtu sasa anajua. Wale vijana wanajuta. Rudi, nitakujengea."

"Wale vijana hawakujua," Mbuke alisema. "Wewe ulijua."

Akamwagiza binti wa nyumba ile ampe mgeni maji ya kunywa, kisha akaingia ndani, wala hakutoka tena mpaka Makoye alipoondoka.

FUNZO

Mtu akianguka na kiungo kikakataa kazi yake, msidanganywe na ngozi nzima. Mpelekeni mapema kwa wanaoweza kuona ndani, maana kila siku ya kuchelewa huondoka na sehemu ya uzima wake. Msimwite mchawi kizee aliyefiwa na wanawe. Huyo ameshapata msiba wa kumtosha. Na wewe unayejua ukweli, ukinyamaza mwenzako akisingiziwa, usiseme hukuchoma nyumba ya mtu. Mkono wa Makoye ulipata daktari. Mbuke alikufa ugenini, na nyumbani kwao wapo hadi leo wanaolitaja jina lake kwa kunong'ona.