Ukurasa Ambao Selsabil Hakuufungua

Kila Alhamisi alasiri, akisharudi shuleni, Selsabil alivua buti mlangoni, akanywa kahawa yake ya maziwa kwa kipande cha mkate, kisha akajikunyata kitini na simu ya mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kuandaa viungo vya wiki.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikusanya viungo vya mtandaoni kama watoto wengine wanavyokusanya vizibo vya chupa. Kimoja kilieleza kwa nini karatasi za nchi nyingi zina kipimo kimoja. Kingine kilionyesha alama ya ubora unayopaswa kuitafuta kwenye waya wa umeme kabla ya kuununua. Kulikuwa na vya darubini za angani, vya kufuma soksi, hata cha paka aliyepanda treni peke yake. Vyote alivituma kwenye kundi la simu la jengo lao, pale Setif, mji wa nyanda za juu ambako baridi ya Januari haina mzaha na mtu. Chini ya kila kiungo aliandika sentensi moja kueleza kilichomo.

Sentensi hiyo ndiyo iliyompatia sifa. Mtandao wa jengo lile ulikuwa wa kusuasua, na majirani hawakuwa na subira ya kungoja ukurasa ufunguke. Walisoma maneno ya Selsabil, wakaridhika. Mzee Bashir wa ghorofa ya tatu alimsomea mkewe, Bi Zulikha, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Mjukuu wetu katuletea nini leo?" Bi Zulikha alikuwa akiuliza. Hawakuwa na undugu wa damu, lakini ndivyo alivyomwita.

Alhamisi moja theluji ilianguka tangu asubuhi. Selsabil alikuwa amebakiza kiungo kimoja tu, rafiki yake Anfal wa ghorofa ya pili akabisha hodi huku keshavaa glavu.

"Wewe! Bado umeng'ang'ania hiyo simu? Theluji itayeyuka, linki zako haziyeyuki!"

"Nimalizie hii moja."

"Moja gani isiyokwisha? Wenzetu wameshajenga ukuta. Tukichelewa tutapigwa mabonge mpaka tulie."

Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, wala haukufunguka. Kilichoonekana ni kichwa chake tu: "Kuziba matundu ya hewa ili nyumba ipate joto." Selsabil hakuwa na desturi ya kutuma asichokisoma, na mwenyewe alijivunia hilo. Lakini vicheko vya watoto vilikuwa vikipanda kutoka uani, na Anfal alikuwa akimvuta mkono.

"Si inajieleza?" alijisemea, akitupia jicho tundu la ukuta wa sebuleni kwao. Akaandika: "Nyumba yako ina baridi? Ziba tundu la hewa ukutani, karibu na kipasha joto cha gesi." Akatuma, akavaa buti, akashuka ngazi mbiombio.

Jumamosi asubuhi aliamshwa na vishindo vya zimamoto. Binti wa Mzee Bashir alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi wake, akagonga mlango mpaka akachoka, hakuitikiwa. Ulipovunjwa, Mzee Bashir alitolewa kwenye machela akiwa anapumua kwa shida. Bi Zulikha alitolewa amefunikwa blanketi mpaka usoni.

Selsabil alikuwa amesimama kwenye ngazi, juu kidogo ya mlango ule. Aliona ndani. Alimwona mtu wa zimamoto akinyoosha mkono ukutani na kuvuta shali ya Bi Zulikha, ile ya zambarau, iliyokuwa imesokomezwa kwenye tundu la hewa.

Majirani waliokuwa chini hawakuona hayo. Walisikia neno gesi tu, wakajijazia wenyewe yaliyobaki.

"Kile kipasha joto chao kilikuwa kikuukuu," alisema mmoja.

"Nilimwambia mzee anunue kipya. Wazee hawasikii!"

Selsabil alirudi ndani, akajifungia chumbani na simu. Safari hii ukurasa ulifunguka. Chini ya kile kichwa cha habari, mstari wa kwanza kabisa ulisema kwamba hilo ni kosa linaloua kila msimu wa baridi: gesi inapoungua mahali pasipopita hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua mtu usingizini. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaufuta ujumbe wake kwenye kundi. Hakuna aliyeuliza ulikuwa unasema nini.

Bi Zulikha alizikwa siku ile ile. Kwenye mlo wa kuskusi msibani Selsabil hakutia hata tonge mdomoni. Mama yake alidhani ni huzuni, na kweli ilikuwa huzuni, lakini ndani yake mlikuwa na hofu, tena hofu ya yatakayompata yeye mwenyewe.

Jumapili asubuhi alimkuta Anfal kwenye lango la jengo, kajishika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga, sijui nimelalaje," Anfal alilalamika. "Na mama leo hajainuka kitandani, yeye na mdogo wangu mchanga wote wanatapika. Baba kasema ni mafua, kaenda zake kazini."

Selsabil alimkamata mkono. "Kwenu mmeziba lile tundu?"

"Tangu Alhamisi. Kuna joto hilo! Baba anakuombea dua kila akikaa sebuleni."

"Twende tukalizibue. Sasa hivi!"

"Una wazimu? Kipasha joto chetu kipya, si kama cha marehemu. Halafu si wewe mwenyewe uliyeandika?"

Hapo Selsabil angeweza kubuni neno jingine. Lilishafika ulimini. Lakini alimfikiria yule mtoto mchanga juu.

"Niliandika nisichokijua," alisema. "Sikuusoma ukurasa. Bi Zulikha hakuuawa na kipasha joto kibovu, waliziba tundu kwa sababu yangu. Anfal, mama yako atakufa!"

Walipanda ngazi wakikimbia. Selsabil alimpigia kelele baba yake, Murad, naye akatoka na sabuni ya kunyolea usoni. Yeye ndiye aliyefungua madirisha, akazima gesi, akang'oa vitambaa ukutani na kuita gari la wagonjwa. Mama Anfal alitolewa akiwa hawezi kusimama. Mtoto alikuwa amelegea, ila alilia alipofikishwa kwenye baridi, na kilio kile Selsabil hakukisahau. Wote watatu, mama, mtoto na Anfal, walipelekwa hospitali.

Kabla hata hajakauka machozi, Selsabil aliandika kwenye kundi: "Kiungo nilichotuma Alhamisi kinakataza kuziba matundu. Mimi sikukisoma, nikaandika kinyume chake. Kisha nikaufuta ujumbe. Tafadhali zibueni sasa." Baba yake hakungoja watu wasome, alipita mlango kwa mlango akaangalia kwa macho yake. Nyumba mbili nyingine zilikuwa zimezibwa.

Mzee Bashir aliporuhusiwa kutoka hospitali, Murad alimpeleka Selsabil nyumbani kwa mzee. Mzee alikuwa amekaa chini ya dirisha lililo wazi, kajifunika koti, amekonda. Selsabil alimweleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyepanda kiti nikaziba," alisema. "Zulikha aliniuliza kama ni salama. Nikamwambia, Selsabil kasema."

"Babu, nisamehe."

"Msamaha nitakupa, mwanangu, lakini leo sina. Nikikwambia ninao, nitakuwa nakudanganya." Akavuta pumzi kwa taabu. "Lile la kwanza lilikuwa haraka ya kitoto, na mimi mtu mzima ningengoja ukurasa ufunguke. Lile la kufuta ulilifanya unajua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidogo tu kingewaumbua na wale wa ghorofa ya pili, ambao hawana kosa."

Selsabil alilia. Baba yake hakumzuia.

"Sikiliza," mzee aliendelea. "Neno unalompa mtu analala nalo nyumbani kwake, yeye na watoto wake. Usimpe usilolijua. Na ukigundua umempa baya, mfuate mwenyewe umwambie, hata kama miguu inakutetemeka. Juzi uliwafuata wa chini, ukachelewa kidogo, lakini uliwafuata. Endelea hivyo."

Kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

"Sasa nenda kamwangalie yule mtoto wa ghorofa ya pili, urudi uniambie anaendeleaje. Zulikha angetaka kujua."