Kuonja Si Kunywa

Katika mtaa mmoja wa Mususa, mjini Butembo, hakuna anayehitaji kuangalia saa asubuhi. Randa ya Zorobabel ikianza kulia, watu wanajua kumekucha. Zorobabel ni seremala wa viti. Mama yake, Jokébed, hufagia maranda. Mke wake, Mariette, hufunga kitambaa kichwani na kwenda kazini kwenye depo ya kahawa. Depo iko karibu, kwa hiyo Jokébed humpelekea huko mtoto wake mchanga anyonye.

Kazi ya Mariette ni kuonja. Kahawa inatoka Beni na Lubero. Kabla haijauzwa, mtu lazima aseme kama ni nzuri au mbaya. Vikombe vingi hupangwa mezani. Mariette huchota kijiko, huvuta kahawa mdomoni kwa sauti, kisha husema: hii tamu, hii chachu, hii ilianikwa vibaya. Anaonja asubuhi, anaonja mchana. Ulimi wake hauna mchezo, na patron, mkuu wa depo, anauamini.

Lakini tangu Mariette arudi kazini baada ya kujifungua, nyumba ile haikuwa na usingizi. Mtoto wao, Malachie, alikuwa na miezi miwili. Alilala kidogo, akashtuka, akalia, akarusha mikono. Mariette naye alijigeuza kitandani mpaka asubuhi, moyo ukimdunda. Tena kulikuwa na jambo lililowatia hofu zaidi. Kila Jumapili, siku ya ibada, kichwa kilimuuma Mariette hata akashindwa kuimba. Jumatatu akirudi depo, kichwa kilipona.

Jokébed alilipima jambo hilo, akapata jibu.

"Kichwa yenye kuogopa ibada, ile hapana ugonjwa," alisema. "Ile ni pepo."

Nitasema wazi kwamba majibu ya namna hiyo huniudhi. Kitu tusichokijua tunakipa jina la pepo, kisha tunajisifu kwamba tumekijua! Lakini simcheki Jokébed. Alikimbia vita huko Luofu, akaacha shamba na nyumba. Mjukuu huyu ndiye furaha aliyobaki nayo. Alikuwa anaogopa.

Aliamua kwamba Jumatatu Mariette aende Beni, kwenye chumba cha maombi, akafunge huko mpaka pepo litoke. Malachie angebaki Butembo, aachishwe ziwa, apewe uji.

"Mama, mutoto ya miezi mbili hapana kula uji," alilia Mariette.

"Maziwa yako iko na pepo, mukamwana. Unapenda anyonye pepo?"

Zorobabel hakupenda shauri hilo. Lakini mama ni mama, na yeye akaendelea kupiga randa tu.

Jumamosi jioni, Mariette akiwa amesharudi kutoka depo, Séphora aliingia karakanani na kiti kilichovunjika mguu. Séphora ni binti wa jirani yao, Mzee Syauswa. Anafanya utafiti wa ubongo katika chuo kikuu cha mbali, na alikuwa amekuja likizo. Makala aliyoandika, iliyochapishwa katika jarida la wataalamu, baba yake aliitia ndani ya plastiki akaitundika sebuleni. Hakuna jirani aliyeielewa. Walijua tu kwamba aliwachunguza panya, nao walimtania mzee: "Mutoto wako alienda mbali vile juu ya panya? Hapa panya ziko mingi!"

Séphora alimsikia Malachie akilia.

"Mutoto iko na homa?" aliuliza.

"Hapana," alijibu Mariette. "Ku centre de santé baganga banasema iko muzima. Ananyonya muzuri, anaongeza kilo. Mais hapana lala. Hata miye hapana lala."

"Unakunywaka kahawa, Mama Malachie?"

"Miye? Hata kidogo! Kahawa ni ya kuuzisha."

"Mu nyumba hii hakuna mutu wa kahawa," alidakia Jokébed.

Séphora aliangalia vidole vya Mariette. Vilikuwa vinatetemeka juu ya nguo ya mtoto.

"Donc kazi yako ni gani?"

"Niko ku depo. Ninaonjaka kahawa."

"Unaonja, kisha?"

"Kisha ninameza."

"Unameza? Batu ya kazi yako banatemaka ku ndoo!"

Mariette aliinamisha kichwa. "Ndoo iko. Mais kutema mbele ya babaume? Miye muke ya batu? Nitakuwa kama mulevi."

"Ni miye nilimukataza," alisema Jokébed kwa fahari. "Siku ya kwanza nilileta mutoto, nikamukuta anatema. Nikasema, mukamwana wangu, ona haya!"

Séphora alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Mama Malachie, kuonja na kumeza siku muzima, ile ni kunywa. Ngojeni, nitabaonyesha na hivi viti."

Aliweka kiti kimoja katikati.

"Mu bongo yetu muko kintu, jina yake adenosini. Kila saa unatumika, inaongezeka. Ni kama mugeni mwenye kuleta habari: umechoka, ulale. Ikipata kiti, inaikala, inatoa habari, usingizi inakuya. Papa Malachie, ikala. Weye ni adenosini."

Zorobabel aliketi, akapiga miayo kwa kuigiza.

"Sasa simama." Séphora aliweka mfuko wa maranda juu ya kiti. "Huu mufuko ni kafeini, ya mu kahawa. Inafanana na adenosini, inaingia ku kiti yake. Mais haina habari. Inakamata kiti tu. Papa Malachie, utaikala wapi?"

"Nitasimama ku mulango."

"Ndiyo vile! Uchovu hapana toka. Iko ku mulango, inangoja. Na bongo ikiona viti vimekamatwa kila siku, inatengeneza vingine."

"Kumbe iko seremala kama miye!"

"Sasa Jumapili depo imefungwa. Mufuko unatoka. Bageni bote banaingia mara moja, mishipa ya kichwa inapanuka, kichwa inaluma. Ile ibada haina kosa."

Jokébed alimgeukia Malachie. Kisha aliuliza taratibu, "Na mutoto?"

"Kafeini kidogo inapita mu maziwa. Mwili ya mukubwa inaitoa mbio. Mwili ya mutoto mudogo inakawia siku na siku. Ya leo inakuta ya jana ingali."

"Donc maziwa ni mubaya?"

"Hapana, Mama! Maziwa ni muzuri, asiache hata kidogo. Apunguze kumeza polepole, kichwa isilume sana, mpaka ateme yote. Asikunywe dawa za usingizi za kujinunulia. Na mutoto akipata homa ao akikataa ziwa, mumukimbize ku centre de santé."

"Na pepo?"

"Mama Jokébed, miye sijaona pepo yenye kupona juu ya kuonja kahawa Jumatatu."

Zorobabel aliangua kicheko, na safari hii hata mama yake alitabasamu.

"Ile karatasi iko ku ukuta ya baba," aliongeza Séphora, "ndiyo inasema mambo ya hivi viti. Hapana panya tu."

Mariette alimwangalia mama mkwe wake. Bado neno moja lilikuwa halijasemwa: safari ya Beni. Jokébed aliokota kipande cha maranda, akakikunja, akakikunjua.

"Tungoje kwanza," alisema. "Beni haitahama."

Mariette alimkumbatia mtoto wake akalia, lakini kilio hiki kilikuwa cha kushukuru.

Jumatatu, badala ya kumsindikiza mkamwana wake kwenye kituo cha magari ya Beni, Jokébed alimfuata Mariette depo. Mkononi alishika kopo la bati lenye mfuniko. Alikuwa amelishonea kitambaa cheupe pembeni, ili anayetema asionekane. Aliliweka mezani mbele ya patron na wanaume wote.

"Mukamwana wangu atatema," alisema. "Ni miye mama mukwe wake namutuma. Mwenye kucheka, acheke miye."

Hakuna aliyecheka.

Mariette alipunguza kumeza kidogo kidogo, na kichwa kilimsumbua kwa muda, kisha kikaacha. Usingizi wake ulirudi kwanza. Wa Malachie ulifuata polepole. Siku ya kwanza mtoto alipolala mchana muda mrefu bila kushtuka, Jokébed aliogopa, akaweka sikio kifuani pake. Malachie alikuwa anakoroma. Bibi yake alikaa chini sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka.

Jumapili Mariette aliimba, na sauti yake ilisikika mpaka nje. Walipotoka kanisani, Jokébed alipika sombe, majani ya muhogo. Alichota kijiko, akampelekea.

"Onja, mukamwana."

Mariette alionja. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akageuka kulitafuta kopo.

"Eh! Hapana tema!" alipiga kelele Jokébed. "Hii, meza!"