Chumba cha Wawili Milimani

"Mvua Suneka saa kumi."

Sauti ya makao makuu ya Nairobi ilikuwa kavu kama jani la mgomba la mwezi wa kwanza.

"Mwavuli upo?" akauliza Nyanchera.

"Haupo. Upo wewe tu. Tunataka mtu wa pili."

Simu ikakatika.

Nyanchera aliweka mkono wa simu na kuuma meno. Saa kumi alasiri ndege ndogo ingeruka kutoka uwanja wa Suneka. Ndani yake angekuwamo Cleophas Ogari, mfanyabiashara wa vinyago vya mawe ya Tabaka, aliyekuwa akivusha dhahabu ya Migori hadi Japani. Pamoja naye angekuwamo mshirika wake, mtu wa serikali aliyemfungulia njia miaka miwili. Mtu huyo hakuwa na sura wala jina.

Wala hakuwa Alfayo.

Alfayo, jasusi mwenzake, alikuwa mahabusu Kisii mjini. Vumbi la dhahabu lilikutwa kwenye meza yake. Jethro, mkuu wao wa kituo, ndiye aliyemtia pingu kwa mikono yake na kumpeleka Nyanchera likizo ya lazima. Kesho asubuhi Alfayo angesomewa mashtaka. Akishasomewa, nani angemtafuta mwingine?

Jethro aliamini kwamba Nyanchera yuko kwao Nyamira akichuma chai. Nairobi ilikuwa imemweka kwa siri nyuma ya dawati la ofisi ya usafiri, juu kidogo ya mtaa wa Daraja Mbili, Kisii. Alivaa wigi na miwani mikubwa. Ndani ya mkoba alikuwa na kinasa sauti cha Sony na bastola ya Walther.

Mwaka ulikuwa 1974, na Nyanchera alikuwa amechoka kushindwa.

Mlango ukasukumwa. Ogari aliingia, suti ya kijivu, tumbo mbele.

"Bwakire, mwanangu. Nataka mahali pa kulala Japani."

"Bwakire, tata," akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia baba. "Tokyo?"

"Tokyo ya nini? Rafiki yangu wa huko amesema nitafute nyumba ndogo ya wageni mlimani. Ile ya maji ya moto yanayotoka chini. Isiwe ya wakubwa. Mahali mtu anavua viatu anakaa tu, hakuna mtu anamuuliza maswali. Nimpigie simu ya waya leo, atukute huko."

"Wageni wangapi?"

"Wawili. Andika Ogari na mwenzake."

"Mwenzako anaitwa nani, tata?"

"Anaitwa mwenzake."

Nyanchera akatabasamu. Vidole vyake vilitaka shingo ya Ogari. Akafungua picha za kwanza.

"Hii ni nyumba ya mbao, katikati ya misonobari. Mnapewa kanzu nyepesi za pamba. Mnalala kwenye magodoro juu ya mikeka."

"Chini? Nilipe pesa nilale chini? Mimi nimetoka huko."

"Ndiyo desturi yao. Asubuhi mnakula wali na samaki."

"Samaki asubuhi. Hao wana ndugu zao Kisumu." Akacheka peke yake, kisha akaweka kidole juu ya picha. "Hapa wanaoga?"

"Ndiyo. Bwawa la mawe, nje, theluji ikianguka. Wanaume upande wao, wanawake upande wao."

"Na nguo?"

"Hapana nguo, tata."

"Wanaume wote pamoja?"

"Wote pamoja."

Ogari akairudisha picha kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Nyingine."

Akampa nyingine. Nyumba iliyokuwa kando ya korongo, bwawa la maji meupe kama maziwa. Ogari alipenda korongo. Alipenda bei. Akauliza tena habari ya bwawa.

"Nyingine."

Nyanchera akampa ya tatu, ya nne, ya tano. Moja ilikuwa na bwawa dogo la watu wawili tu. Hiyo aliisukuma mbali hata kabla hajamaliza kusomewa. Saa ya ukutani ilikuwa ikitafuna asubuhi. Kila nyumba ilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ilikuwa maji yenyewe.

"Tata, ukiogopa kuoga na watu, kwa nini unaenda kwenye nyumba ya kuoga?"

"Nani anaogopa?" Ogari akakunja uso. "Mimi nimeoga mto Gucha na rika langu lote, uchi kama siku tuliyozaliwa, mpaka samaki wakahama. Niweke na Wajapani mia. Sijali."

"Basi shida ni nini?"

"Shida ni kwamba unauliza sana. Nataka vyumba viwili. Mbalimbali. Kila chumba na bafu yake, na mlango wa kimoja usitazame mlango wa kingine. Nisione hata kitanda chake."

Nyanchera akaziweka picha chini.

Ogari hakuogopa Wajapani mia. Alimwogopa mmoja tu, huyo mwenzake.

Chinsoni.

Hakuna Mgusii aliyelelewa na mama ambaye halijui neno hilo. Baba na mwanawe hawaonani uchi. Mkwe na baba mkwe ndio kabisa. Hata kitanda cha mkweo hukitazami. Mtu anaweza kuiba, kuua na kudanganya mahakama. Chinsoni haivunji.

Baba yake Ogari alikuwa kaburini. Ogari hakuwa na ndugu wala mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Gesare, karani wa kupiga taipu Nairobi.

"Ipo, tata," akasema taratibu. "Ina nyumba mbili ndogo, kijito katikati. Kila nyumba na pipa lake la mti la kuogea."

"Sasa unaongea. Hiyo."

Alipotoka, Nyanchera akanyakua simu.

"Mtu wa pili ni mkwe wa Ogari."

"Gesare hajaolewa," ikasema Nairobi.

"Basi kuna ng'ombe wa mahari mahali."

"Nani amekwambia?"

"Bafu."

"Nyanchera, umelala usiku?"

Alikata simu yeye safari hii.

Datsun yake ilipanda barabara ya Nyamache, kwenda nyumbani kwa Ogari, ikipiga mwereka kwenye tope. Mara mbili ilikwama. Mara mbili alishuka, akakata matawi, akayatia chini ya magurudumu, akalaani wazazi wa aliyeichora barabara ile. Wigi lilikuwa likimwasha. Saa nane ilikuwa imepita.

Alimkuta Mama Esnah, mke wa Ogari, kibarazani akichambua mboga.

"Mimi rafiki wa Gesare, mama. Kazini Nairobi."

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuona ng'ombe?"

Moyo wa Nyanchera ukaruka.

"Nisingepita bila kuwaona."

Walikuwa nyuma ya nyumba, wa gredi, wale wa kizungu, weusi kwa weupe, wamenona. Fahali mmoja alitafuna majani ya migomba kwa dharau.

"Tumeambiwa tusiseme mpaka kazi ya kijana iishe," Esnah akanong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Lakini ng'ombe utamfichaje? Ana pembe, analia. Aliwaleta kwa lori Sabato, watu wote wako kanisani."

"Kijana mwenyewe nani, mama?"

"Hujaambiwa? Jethro wa Nyamira. Mkubwa wa serikali hapo Kisii. Mpole huyo. Hata chai anakunywa akiangalia chini."

Jethro.

Aliyemtia Alfayo pingu.

Kwenye simu ya duka, Nairobi ilisikiliza mpaka mwisho.

"Kuoa si kosa," ikasema. "Ng'ombe hawasimami kizimbani. Polisi watakaa barabarani Suneka. Hawaingii uwanjani mpaka uwe na kinywa kinachokiri. Ukikipata, piga risasi moja juu."

"Na nisipopata kinywa?"

"Basi Alfayo ndiye tuliye naye."

Nyanchera aliendesha kama mtu aliyekatiwa hukumu.

Saa kumi kasorobo. Uwanja wa Suneka ulikuwa nyasi tupu na mbuzi wawili. Cessna nyeupe ilisimama upande wa magharibi. Peugeot 404 ikaja polepole. Ogari alishuka mbele. Jethro alishuka nyuma, kofia machoni. Walitembea mbalimbali, kama watu wasiojuana.

Mlango wa ndege ulifunguka kutoka ndani.

"Karibuni," akasema Nyanchera.

Walther ilitangulia kutoka.

Jethro alipeleka mkono kotini.

"Usijaribu, bosi. Wewe ndiye uliyenifundisha kulenga."

Mkono ukarudi. Bastola yake ikaanguka nyasini.

"Rubani yuko wapi?" Jethro akauliza.

"Migombani. Amefungwa kwa tai yake."

"Umechanganyikiwa. Nilikupa likizo. Namsindikiza huyu mzee, namchunguza. Huna kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuwa na kitu. Alitazama viuno vyao. Suti zote mbili zilikuwa zimefura mahali pamoja, chini ya mshipi.

"Dhahabu mmeifunga mwilini," akasema. "Sawa. Vueni."

"Nini?"

"Mashati. Suruali. Yote. Hapa hapa, mkitazamana."

Jethro akageuza uso upesi, akatazama mbuzi. Ogari aligeuka rangi ya majivu.

"Mwanangu," akasema. "Wewe ni umri wa Gesare."

"Najua, tata. Nimetoka kuwaona ng'ombe wake."

Ogari alifunga macho.

"Anza na koti," akasema Nyanchera.

"Nyamaza, mzee," Jethro akafoka, bado akitazama mbuzi. "Anatisha tu."

"Wewe ndiye unyamaze. Utasimama uone uchi wangu? Utakula kwangu tena na macho hayo?" Ogari akamgeukia Nyanchera, mikono miwili juu ya vifungo kama anayelinda mtoto. "Nipeleke nyuma ya ndege. Nitasema yote. Dhahabu ni yetu wawili. Ile ya meza ya Alfayo, huyu aliimwaga mwenyewe. Lakini si mbele yake. Tafadhali."

Ndani ya mkoba, Sony iliendelea kuzunguka.

Risasi moja ilipanda angani. Mbuzi wakatimka. Land Rover ya polisi ikaingia ikirusha tope.

Nyanchera alimpa sajini utepe.

"Nairobi wasikie huu kwa simu sasa hivi. Alfayo atoke leo, si kesho."

"Ndiyo, afande." Sajini aliwatazama wafungwa. "Tuwapakie nyuma pamoja?"

"Hapana. Mchukue mzee kwanza. Rudi umchukue huyu."

"Afande, petroli ni kidogo. Safari mbili kwa nini?"

"Ni mkwe wake."

Sajini alitazama viuno vilivyofura, mikono ya mzee juu ya vifungo, na nyuso mbili zilizogeukiana visogo. Akavua kofia.

"Safari mbili," akawaambia vijana wake.

Nyanchera alivua wigi, akalitupa kwenye kiti cha ndege, akaushika mkoba begani. Kisha akakatiza nyasini kuelekea sokoni Suneka, bila kuharakisha.