Binti wa Mlowezi

Mama yake rafiki yangu mmoja, mshonaji, aliingia kaburini na dukuduku lake: kwa nini baba yake, mlowezi wa kizungu, alimkana. Baada ya msiba, rafiki yangu akafuatilia ukoo huo mpaka kwenye nyumba ya yule babu, iliyohamwa zamani. Mlinzi akamfungulia chumba cha kulala. Ilikuwa mchana, lakini madirisha yalizibwa kwa mbao na ndani mlikuwa giza totoro.

"Babu," akasema, "ni mimi, mjukuu wako. Binti yako ametutoka."

Kiti kikakwaruza sakafu, kama mtu anainuka kwa shida, na mzee akaanza kulia kwa kwikwi.

"Dada, tutoke," mlinzi akanong'ona. "Humu hamna hata kiti."

Akawasha tochi. Chumba kilikuwa kitupu, na kilio kilikuwa kinamsogelea rafiki yangu, taratibu.