Uzi wa Buluu wa Shangazi Keziah

Shangazi yangu Keziah hakuwa mtu wa kuzua mambo. Alikuwa akimfulia na kumpigia pasi Jenerali Lockridge, hapahapa mjini kwetu Ohio, na haya alinisimulia huku akimenya viazi.

Vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Mwana wa pekee wa Keziah, Asa, hakurudi. Kikosi chake kiliamriwa kupanda kilima huko Virginia, uso kwa uso na mizinga. Maofisa walimsihi Jenerali azungukie ubavuni, kupitia mtoni. Akakataa. Askari walijua hawatoki, wakaandika majina yao kwenye karatasi, wakazishona mgongoni mwa makoti ili maiti zao zitambulike.

Kwenye taarifa ya Jenerali, Asa aliandikwa mtoro. Jina lake halikuchongwa kwenye jiwe la kanisani la kuwakumbuka waliokufa vitani, na majirani walimpita mama yake kama hawamwoni. Roho inaniuma hadi leo.

Asubuhi moja Keziah alichukua koti la Jenerali alipige pasi. Mgongoni palikuwa na karatasi iliyoshonwa: Enos Tuttle, Kombania C. Akadhani ni utani wa mtu, akaifumua. Kesho yake lilikuja jina jingine. Karatasi ilikuwa na tope bichi.

Alipompelekea Jenerali, hakushtuka. Alikuwa mbele ya ramani, akisogeza punje za mahindi, akipigana upya vita vilevile.

"Leo nani?" akanong'ona.

Keziah akamsomea. Mzee akafumba macho.

"Niliwaandika watoro mia moja na wanne. Maiti zilikuwa nyingi mno, nikaficha idadi."

Tangu hapo Keziah alifumua karatasi kila asubuhi. Jina la Asa likija, amekufa, lakini hana doa. Lisipokuja, yu hai mahali fulani, na alitoroka kweli. Hakujua aombe lipi.

Siku ya mia na nne lilikuja. Mwandiko wa Asa. Uzi wa buluu. Aliutambua, kwani aliukata mwenyewe kwenye rili yake, akamtilia mkobani siku anaondoka.

"Andika alivyokufa," akamwambia Jenerali.

"Wataniita muuaji, Keziah."

"Andika, mzee."

Akaandika. Majina yote. Jina la Asa likachongwa mwezi huohuo. Jenerali alikutwa amekufa kitini, kichwa juu ya ramani. Mgongoni mwa koti hapakuwa na kitu. Matundu ya sindano tu.

Shangazi tulimzika mwaka jana. Aliniachia ile rili ya uzi wa buluu. Nimeifungia sandukuni, na ufunguo ninao mimi.

Juzi mwanangu alijiandikisha jeshini. Leo asubuhi nilifungua sanduku. Uzi umekatwa. Urefu wa kushonea jina moja.